Pale Palipoachwa Patupu

Haya nilisimuliwa na Falesi mwenyewe, mwaka ule ambao mahema ya msaada yalikuwa yamekwisha kung'olewa lakini mashimo ya nguzo zake bado yanaonekana uwanjani. Tulikuwa barazani kwa mwenye mashine ya kusaga, tunangoja dizeli iletwe, mikono yetu ikipukuchua mbaazi. Alinihadithia mara tatu kwa siku tofauti, na mara zote tatu alianzia kwenye majivu. Nami naanzia hapo hapo.

Majivu yalitoka jikoni kwake. Bwana Mhone, mtu wa mipango kutoka wilayani, alikuwa ameomba majivu, magunzi ya mahindi, majani na kamba, akawakusanya watu wa Chitseko mbele ya nyumba ya mkuu wao, Mfumu Chitseko, akawaambia leo ramani mtaichora ninyi. Alikuwa mrefu, mtu wa milimani huko kaskazini, na alivua viatu asije akaikanyaga. Watu walimpenda kwa hilo. Falesi alipewa kazi ya kumwaga majivu, kwa sababu alifika darasa la sita na mkono wake hautetemeki.

Kamba ikawa mto Shire. Magunzi yakawa nyumba, majani yakawa bustani za mtoni. Mwanzoni ilikuwa vicheko.

"Gunzi lako umelisogeza kwangu," mzee mmoja alimwambia jirani yake. "Mbuzi wangu hawakutoshi, sasa unataka na uwanja?"

"Nimesogea nisikie mkeo anapika nini."

Kisha bwana Mhone akagawa mawe. Kila mmoja aweke jiwe pale maji yalipofika mwaka ule daraja liliposombwa. Wakaweka. Na mwaka wa kimbunga? Wakaweka mengine, juu zaidi. Na mwaka jana? Mawe yakapanda yakayazunguka magunzi yote, na vicheko vikaisha pole pole, kila mtu akitafuta gunzi lake ndani ya mawe. La Falesi lilikuwa la kwanza kutoka kwenye kamba.

"Na hapa je?" bwana Mhone akauliza. Alikuwa ameinama upande wa mashariki, kidole chake kikielea juu ya udongo mtupu. "Mmejaza kila mahali. Hapa mbona patupu?"

Mfumu Chitseko akaanza kutazama kucha zake. Gonani, kaka yake Falesi, akageuza uso kabisa akawa anaangalia kuku.

Pale ndipo yalipo makaburi ya Chitseko, ndani ya msitu mdogo juu ya mwinuko, msitu usiokatwa hata ufito. Watu wa kijiji kile hawautaji wala hawauoneshi kwa kidole. Mtu akifariki husema anapelekwa kwa wenzetu. Wanaotangulia kuingia ni wachimba kaburi, wale wanaoitwa wajukuu, na mkubwa wao ni Gonani. Wengine hufuata nyuma, huzika, hutoka bila kugeuka. Kuutaja mbele ya mgeni, tena mvua ikiwa karibu, ni kuuita uje nyumbani kwako.

Bwana Mhone akamgeukia mwenye majivu. "Mama, niambie wewe. Pana nini hapa?"

Falesi alihisi macho yote mgongoni. Majivu yalikuwa yanamvuja vidoleni. Angeweza kusema sijui. Mpaka leo anajiuliza kwa nini hakusema sijui.

"Hapana kitu," alisema.

"Hakuna shamba la mtu?"

"Hakuna."

"Na maji huwa yanafika?"

"Hapo hayajawahi kufika."

Bwana Mhone akatabasamu, akaandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini ya alichoandika. Watu wakashusha pumzi. Mwanamke aliyekaa nyuma ya Falesi akamfinya kiunoni kidogo, kama kusema umetuokoa.

Miezi minne baadaye ramani ilirudi. Sasa ilikuwa karatasi, kubwa kama mlango, imebandikwa ukutani kwa Mfumu. Mto ulikuwa wa buluu, nyumba zilikuwa nukta nyekundu, na pale palipoachwa patupu palikuwa pamepakwa kijani kibichi cha kupendeza.

"Hapa ndipo salama yenu," bwana Mhone akaeleza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata alichotafuta kwa muda mrefu. Eneo zima la chini la wilaya, alisema, lilikuwa na sehemu tatu tu za namna hiyo. Nyumba kumi na nne za kando ya mto zingehamia pale baada ya mavuno, kila nyumba ingepewa mabati kumi na mawili. Kabla ya hapo, maji yakija, kijiji kizima kikimbilie huko kwa kufuata njia yenye utepe wa kijani. Akasoma majina. La kwanza likawa la Lojasi na Falesi, kiwanja namba moja.

"Mna swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali.

"Basi tujipigie makofi."

Wakapiga. Falesi naye alipiga, viganja vyake vikiwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua.

Kesho yake walikuja vijana wawili wa kupima na mafungu ya vigingi. Mfumu aliwachinjia kuku, na walipomaliza akawachinjia wa pili, akawahadithia ujana wake wote mpaka jua likaelekea kulala na vijana wakafunga tepe kwenye vichaka vya ukingoni tu, wakasema ndani wataingia siku ya trekta. Walipoondoka, Mfumu alijifuta jasho.

"Kwa nini usiwaambie?" Lojasi alimuuliza. Lojasi ni mume wa Falesi, mtu wa kuja, aliyeoa pale na kukaa kwa wakwe zake kama desturi ya huko. Mtu kama huyo hutakiwa kulima vizuri na kusema kidogo.

"Niseme nini, mkwe? Kusema ni lazima nitaje. Nikitaja mimi, utakuja nyumbani kwangu. Halafu wakifuta pale, mabati yanakwenda kijiji cha jirani. Unataka mabati yaende kwa jirani?"

"Na siku ya trekta?"

"Trekta za serikali," Mfumu akasema, "huwa haziji."

Mama yake Falesi, bibi Nasiyaya, miguu yake ilikuwa imekufa tangu kiharusi. Alikuwa anakaa mkekani upande wake wa nyumba siku nzima, na kati yake na Lojasi kulikuwa na ukuta wa matete. Hata bila ukuta ingekuwa vile vile. Mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe, hamtazami usoni, hali naye, na mama mkwe naye halitamki jina la mkwe wake. Miaka kumi na mmoja walikuwa wameishi hivyo, wakisemeshana kupitia kwa Falesi.

"Falesi, mwambie mumeo mimi sihamii huko."

"Falesi," Lojasi akasema kutoka upande wa pili, "mwambie mama nimesikia."

"Mwambie sikumuuliza kama amesikia."

Siku ile Falesi bado aliweza kucheka. Alipomwekea mama yake nsima, ugali wa kwao, na mlenda, bibi hakunawa mikono.

"Nilimzaa mtu," akasema, "akasimama mbele ya wageni akasema mama yangu mimi, aliyelala kule, si kitu. Akasema Malita si kitu."

Malita alikuwa binti wa kwanza wa Falesi. Alifariki na miaka mitatu, kwa homa, mwaka wa kimbunga. Jina lake halikuwa likitajwa nyumbani.

"Mama, ulitaka niseme nini?"

"Unyamaze."

"Aliniuliza mimi."

"Aliwauliza wote, wakanyamaza. Midomo yao ilikatwa?" Bibi akausogeza ule ugali pembeni kwa nyuma ya mkono. "Hao uliosema si kitu, watakuonesha kama ni kitu au si kitu. Mmoja tu atatosha kukuonesha."

Falesi akaokota sahani akatoka nayo. Nje, Enelesi, binti yake wa miaka mitano, alikuwa anamchezea mdogo wake Tadala, aliyekuwa na miezi minane, akimfunika uso kwa kitambaa na kumfunua. Falesi alikinyakua kile kitambaa kwa nguvu hata mtoto akaanza kulia, na hakuweza kumweleza kwa nini.

Tangu siku ile woga ulihamia kwake. Enelesi akikohoa, Falesi huacha jembe. Kuku akifa, huuliza amekufaje. Kisimani kwenye pampu, wanawake walianza kuitoa ndoo yake kwenye foleni na kuiweka mwisho, kama wanaopisha njia tu. Aliyemfinya kiunoni siku ya majivu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuigusa.

"Nilifika kabla yako, mwenzangu," Falesi akamwambia.

"Kweli? Sikuona. Niliona pale hapana kitu."

Wakacheka wote, wakiangalia chini. Falesi akangoja. Alipofikiwa, pampu ilikuwa inatoa maji ya tope.

Mvua ya mwaka ule ilikuja kwa kuchelewa, halafu ikaja yote kwa pamoja. Siku ya nne bila jua, asubuhi, simu ya Mfumu Chitseko ikalia. Alikuwa bwana Mhone. Maji yamejaa huko juu, alisema, yatawafikia kabla ya jioni, ahamishe watu sasa hivi, wafuate utepe.

Mfumu akachukua kile kipaza sauti alicholetewa na wilaya, akapita nacho kwenye mvua.

"Maji yanakuja. Kila mtu aondoke. Kila mtu aende mahali."

"Mahali gani?" mtu akauliza kutoka mlangoni kwake.

"Penye utepe," Mfumu akasema, akakizima.

Watu hawakwenda penye utepe. Walibeba mahindi na magodoro wakashika njia ya shule, iliyoko juu upande wa magharibi. Lojasi alitangulia kuitazama. Alirudi akiwa amelowa mpaka kwapani.

"Kijito kimejaa. Kule hakupitiki. Nimemwona ng'ombe akizungushwa kama kifuu."

"Tupande kichuguu," Falesi akasema. Mwaka wa kimbunga walikaa siku tatu juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, kikubwa kama kibanda.

Lojasi akamtazama tu. Hapo Falesi akakumbuka. Kichuguu walikuwa wamekifyatulia matofali wakati wa kiangazi, udongo wake ni mzuri kwa matofali kuliko wowote, nao walitaka kuongeza chumba. Kilichobaki kilifika kiunoni.

Maji ya kwanza yalipita uani yakiwa membamba, yakisukuma makapi, kama mtu anayefagia. Falesi alimfunga Tadala mgongoni. Mtoto alikuwa na joto. Alimgusa shingo mara ya pili, akitumaini ni mkono wake ulio baridi. Haukuwa mkono.

Akaingia kwa mama yake, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akavuta. Bibi hakusogea.

"Niacheni. Nitakaa hapa. Nikifa mtanipeleka huko kwa heshima, si kwa kukimbia."

"Mama, inuka, nakuomba."

"Na huyo mtoto ana homa, naisikia kutoka hapa. Unampeleka huko mwenyewe, mikononi mwao."

Falesi akaliacha lile neno limpite. Akavuta tena. Mkeka ulikuwa umeanza kuelea pembeni.

"Falesi," Lojasi akasema nyuma ya matete. "Mwambie mama ninaingia."

"Mwambie asiingie."

Akaingia. Aliingia kinyumenyume, uso wake ukiangalia ukuta, akachuchumaa na mgongo wake kuuelekeza mkekani. Shati lake lilikuwa linachuruzika. Masikio yake, Falesi anasema, yalikuwa yamebadilika rangi kwa aibu.

"Mwambie mama anishike shingo."

Maji yalikuwa yanagonga sufuria kwa sufuria jikoni.

"Lojasi," bibi Nasiyaya akasema.

Lojasi alishtuka kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Ukiniangusha majini nitakuwa mzimu, na sitamsumbua mwingine ila wewe."

"Sitakuangusha, mama."

Mikono miwili mikavu ikapita juu ya mabega yake ikakutana kifuani. Akasimama naye.

Walipofika kwenye mwinuko waliwakuta watu. Walikuwa zaidi ya arobaini, wazee, akina mama wenye watoto mabegani, Mfumu na redio na simu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Wote walikuwa wamesimama ndani ya maji. Hatua mbili mbele yao majani makavu yalikuwa yametanda chini ya miti, tepe za kijani zinapepea, na hakuna aliyekuwa ameingia. Mbuzi wawili wa mtu walikuwa ndani tayari, wanatafuna.

Gonani alikuwa amesimama mbele ya wote na fimbo, amewapa watu uso na msitu mgongo.

"Kaka, tupishe," Falesi akasema.

"Mimi huingia hapa nikiwa na maiti. Wakiniona nakuja, wanajua nimeleta mtu. Leo nimeleta nani?"

"Maji yatatufika magotini sasa hivi."

"Nimeyaona." Sauti yake haikuwa ya ukali. Falesi alimjua kaka yake tangu utoto, akaona midomo yake inacheza. Gonani, aliyezika watu mia, alikuwa anaogopa kuliko wote. "Siwezi kuwa wa kwanza, Falesi. Sijui wa kwanza atafanywa nini."

Mwanamke wa pale kisimani akasema kwa nyuma, "Apite yule aliyesema hapana kitu. Kama hapana kitu, anaogopa nini?"

Mtu akacheka, kicheko kimoja kikavu, kikakatika. Kisha wote wakamtazama Falesi. Hawakumtazama kwa chuki, alisema. Walimtazama kama watu wanavyoutazama mlango.

Bibi Nasiyaya akaunyanyua uso wake kutoka begani kwa mkwewe.

"Gonani. Unataka maiti?"

"Mama..."

"Subiri kidogo. Jua likizama utakuwa nazo arobaini. Utazizika wapi? Kwenye maji?"

Gonani akaishusha fimbo.

Falesi alimshika Enelesi mkono, akatembea mpaka mahali maji yalipoishia. Tadala mgongoni alikuwa kama kaa la moto lililofungwa kwenye kitenge. Alipiga magoti palepale ndani ya maji, akapiga makofi mawili ya taratibu kama mtu anayefika kwenye nyumba ya watu.

"Odi," akasema.

Akangoja. Alingoja kwa muda ule ambao mtu humngojea mwenyeji anayejifunga nguo. Alijua kwamba akisimama na kwenda mbele, atakuwa anawapelekea watoto wake wawili wale aliowakana. Akigeuka, ni maji. Alitazama chini, akaona maji yamefika kwenye vidole vya Enelesi, na mtoto anavikunja.

Akasimama akaingia.

Nyuma yake akasikia hatua za Lojasi, nzito kwa mzigo, kisha za Gonani, kisha za watu wengi.

Ndani palikuwa padogo kuliko alivyokumbuka. Alikuwa ameingia mara moja tu kama mama wa maiti, na siku ile hakuona kitu. Watu walijipenyeza baina ya vilima vya udongo, wakivuta nguo zao zisiguse. Waliopata nafasi karibu na marehemu wao walikaa huko, wengine walikaa popote wakijikunyata. Juu ya kila kaburi kulikuwa na vyombo vya mwenyewe, sahani, chungu, kikombe, kila kimoja kimetobolewa tundu chini kama wafanyavyo watu wa huko.

Mvua haikuacha. Maji yakazunguka mwinuko wote, mazito, yamebeba vyoo vya watu, vitanda na mizoga.

"Mama, nina kiu," Enelesi akasema.

"Ngoja."

"Nimengoja. Tangu nyumbani nimengoja."

Ndoo waliiacha. Maji ya chini hayakunyweka, na ya mvua hawakuwa na cha kukingia. Wakati anatazama huku na huku ndipo alipokiona, kikombe cha bati cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni, juu ya kilima kidogo sana chini ya mti wa mkuyu. Malita alikuwa na tabia ya kukiuma kile kikombe. Falesi alikitoboa kwa msumari mwenyewe asubuhi ya mazishi, akiwa ameshikwa mabega na wanawake wawili.

Hakuweza kukigusa. Kumnyang'anya mtoto aliyekufa kikombe chake ukampe aliye hai, ni kitu gani kingine kingeweza kuwafanya wakasirike zaidi? Alikaa akikitazama. Enelesi alikuwa amefungua mdomo juu, matone yanamwingia machoni.

Falesi akatambaa. Akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akakisuuza kwa mvua, akaziba tundu kwa kidole, akakiinua juu chini ya tawi linalomwaga.

"Cha nani?" Enelesi akauliza.

"Cha dada yako."

"Atagomba?"

"Sijui," Falesi akasema.

Mtoto akafikiri. Kiu ikamshinda, akanywa akamaliza, akanywa kingine. Falesi akalowesha ncha ya kitenge akamkamulia Tadala mdomoni, tone kwa tone, kama wanavyolishwa vifaranga vya njiwa.

"Na mimi," bibi Nasiyaya akasema. Alikuwa ameegemezwa mgongo kwa mgongo na Lojasi, wasitazamane. Alikinywea kikombe kimya, akakirudisha. Baadaye akasema, si kwa mtu yeyote, "Mama yangu alikuwa na chungu kizuri. Kiko hapo nyuma ya Mfumu."

Mfumu Chitseko akageuka, akakitazama, akakiokota. Na hapo mmoja mmoja, watu wakaanza kwenda kwa watu wao. Falesi alisema hilo ndilo analoliona mpaka leo akifumba macho. Watu arobaini wameshika vikombe vya marehemu wao chini ya mvua, kila mmoja na kidole chini ya tundu.

Usiku ulipita bila kulala mtu yeyote mzima. Falesi hakulala hata kidogo. Aliweka kiganja kifuani kwa Tadala, akakiacha hapo. Pumzi zilikuwa za haraka kama za mbwa aliyekimbia. Alihesabu mpaka akapoteza hesabu akaanza upya. Aliamini kwamba akisinzia mara moja tu, ndiyo nafasi wanayoingoja wale aliowakana.

Asubuhi mvua ilikatika. Maji yalikuwa yamesimama kwenye utepe wa chini kabisa, yanaulamba. Watu wakahesabiana, na kila walipomaliza mtu alitaka wahesabu tena. Ndipo simu ya Mfumu ikalia ndani ya mfuko wa plastiki. Aliiangalia, akaja akampa Falesi.

"Zungumza wewe. Ulianza wewe."

"Hujambo, mama," ilikuwa sauti ya bwana Mhone, imepasuka kwa kukesha. "Mko wapi? Mko eneo la usalama?"

Watu wote walisogea. Hata Gonani alikuja karibu.

"Tuko makaburini, bwana," Falesi akasema.

Neno lilitoka. Aliwaona watu wakilipokea usoni kama maji baridi. Hakuna aliyeanguka.

"Makaburi gani? Mimi nimewaelekeza kwenye..."

"Ni hapo hapo ulipopaka kijani."

"Uliniambia hapana kitu."

"Nilikudanganya. Una kalamu?"

"Ninayo. Boti inakuja mchana, mama, lakini..."

"Andika, basi."

"Mwambie kukimbilia ndiyo," Gonani akasema karibu na sikio lake, kwa haraka. "Kuhamia hapana. Trekta hapana. Mwambie hivyo."

Alimwambia hivyo. Kisha akamwambia waliopo. Alianza na Nakoma, mama wa bibi Nasiyaya. Akamtaja babu yake, mjomba wake aliyefia migodini na kurudishwa, mapacha wa jirani. Mama yake alikuwa anamkumbusha majina kutoka kwenye mgongo wa Lojasi. Simu ilipozima kwa kuishiwa chaji, Falesi hakuiondoa sikioni. Aliendelea, akionesha kila kilima kwa kidole, hadharani, ili ieleweke.

"Na hapa yupo Malita. Ana miaka mitatu."

Bwana Mhone hakulisikia hilo. Falesi alilisema vivyo hivyo.

Jua lilianza kupenya kwenye matawi. Bibi Nasiyaya alikuwa wa kwanza kusinzia, kichwa chake kikaangukia nyuma kwenye shingo ya mkwewe, na Lojasi, asiyejua la kufanya, akakaa wima bila kupumua, mpaka naye kidevu kikashuka. Enelesi alikuwa amelala zamani kati ya vilima viwili. Gonani alilala amekumbatia fimbo. Mfumu alikoroma na chungu mapajani.

Falesi aliketi chini ya mkuyu, mkono mmoja kifuani kwa Tadala, mwingine umeshika kikombe cha buluu, kidole bado ndani ya tundu. Homa hakuijua imekwenda wapi wala kama imekwenda. Kulikuwa na jasho kidogo kwenye paji la mtoto, na jasho huweza kuwa zuri na huweza kuwa baya. Aliinama akasikiliza. Pumzi ikaja. Akangoja inayofuata, nayo ikaja, ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Akasema atangoja moja tena, ya mwisho, halafu moja tena. Alikuwa anaingoja hiyo wakati usingizi ulipomchukua.